Mtaliano wa Shiling na Waya Mwekundu

Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa Mtaliano. Alisimama katika chumba cha maonyesho cha kiwanda kimoja cha mikoba kule Shiling, nje kidogo ya jiji la Guangzhou, China, amevaa suti ya kijivu na skafu shingoni wakati sisi wengine tumelowa jasho, na bosi wa kiwanda, laoban kama tunavyowaita kule, akamtambulisha kwangu kwa heshima zote: huyu ndiye fundi mkuu aliyeletwa kutoka Italia kuwabunia mikoba. Yule mzee akainamisha kichwa, akachukua mkoba mmoja mezani, akaupitishia kidole gumba kwenye mshono taratibu, akafumba macho, akashusha pumzi ya mtu aliyeridhika. Niliagiza mikoba mingi kuliko nilivyokusudia. Mimi, mtoto wa Mwanza niliyekulia nyuma ya kaunta ya duka, nikaingizwa mjini na kidole gumba.

Siku chache baadaye nikamkuta Zhanxi, ile barabara ya wauza nguo na viatu karibu na stesheni ya treni. Alikuwa amekaa kwenye kistuli cha plastiki anakunywa supu ya tambi, hana suti, hana skafu. Kando yake alikuwa Mzanzibari mmoja mnunuzi wa viatu, tuliyekuwa tunafikia naye hoteli moja. Mzanzibari aliponiona akaanza kucheka kabla sijafika.

"Njoo dada'angu, njoo umjue Mtaliano wako. Huyu Italia hajaiona hata kwenye ramani. Huyu Muukreni, kwao Kiev. Mtu wa sinema huyu, muigizaji na mwongozaji."

Nilipandwa na hasira pale pale. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha sokoni, ambacho kwa bahati kilikuwa sawa na chake, kwamba ameniuzia mikoba ya uongo.

Akaweka bakuli chini. "Mikoba ni ya kweli, dada," akasema. Hilo "dada" alifundishwa na Mzanzibari, akawa anawaita hivyo wanawake wote wa Kiafrika. "Mimi tu ndiye wa uongo."

Sikumwamini hata hilo la sinema. Guangzhou ya miaka ile ya mwisho ya tisini, kila uliyekutana naye alikuwa mkubwa kwao. Mmoja alikuwa mkurugenzi, mwingine alicheza timu ya taifa, mwingine shemeji yake waziri, na wote tulikuwa tunagombania mkokoteni mmoja. Lakini mzee akatoa pochi, na ndani yake kadi ya picha, zile za kutuma kwa posta, imechakaa pembe. Juu yake kijana mwenye nywele nyingi anatazama mbali kama anayesubiri kuitwa. Alinieleza kwamba zamani kwao picha za waigizaji ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti, na wasichana walikuwa wakizibandika ndani ya milango ya makabati. Nikaiangalia picha, nikamwangalia yeye. Pua ilikuwa ile ile.

Tangu hapo tukazoeana. Alikuwa akishuka kwa basi kutoka Shiling kila alipopewa mapumziko, anatafuta watu wa kuongea nao, na watu wenyewe walikuwa sisi. Akatusimulia maisha yake vipande vipande, leo kipande, wiki ijayo kipande. Baba yake aliendesha trekta. Yeye akaondoka kijijini akiwa kijana kwenda Kiev kusomea uigizaji, akapata kazi studio, akaigiza wanajeshi, mainjinia, na waume wanaoachwa na wake zao. Hao wa mwisho, alisema, aliwaigiza vizuri kupita kiasi. Utu uzima ulipomkolea akapewa filamu moja ya kuongoza mwenyewe, na akaigiza ndani yake. Halafu nchi ikavunjika, studio ikakosa fedha, ukumbi wa kupigia picha ukageuzwa ghala la makabati ya kutoka nje. Akaja China kununua makoti ya ngozi akauze kwao, na biashara ikamshinda msimu wa kwanza tu. Laoban wa Shiling alikuwa anatafuta uso wa Kizungu. Yeye uso alikuwa nao.

"Ndiyo kazi yangu ya maisha," aliniambia. "Uso. Hata kule walitaka uso tu."

Sikumwelewa mpaka aliponieleza habari ya sauti. Kwao filamu zilipigwa kwanza picha, halafu waigizaji wanakwenda kwenye chumba kilichofungwa kusema maneno yao upya. Yeye alipofika kwenye chumba hicho mara ya kwanza, wakamsikiliza kidogo wakamtoa nje. Kirusi chake, ndiyo lugha ya filamu zao enzi zile, walisema kina shamba ndani yake. Wakamleta muigizaji mwingine wa makamo, mtu wa jukwaa la mjini mwenye sauti nzito na laini, akasema maneno yake yote. Filamu iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine, na nyingine. Uso wa huyu, sauti ya yule. Watu walikuwa wakimsimamisha barabarani wamsalimie, na akifungua mdomo wanashtuka.

"Na ile uliyoongoza mwenyewe?" nikamuuliza.

"Ile nilimwita yule yule," akasema. "Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa mwongozaji, ningeweza kusema hapana. Lakini nilikuwa nimeshaamini kwamba sauti yangu ni mbaya."

Sasa kilichomuuma hakikuwa umaarufu. Ilikuwa mama yake. Mama alikuwa hai bado kule kijijini, anaishi na dada yake mzee huyu, na macho yalikuwa yamezima kabisa. Alipokuwa anaona, alikuwa akienda kwenye ukumbi wa kijiji kumtazama mwanawe, anaziba masikio kwa viganja ili abaki na uso tu. Alipopofuka, hata uso ukaondoka. Sikukuu zikifika, televisheni ya kwao ilikuwa inarudia filamu za zamani, na dada mtu anamwambia mama, leo wanamwonyesha mwanao, njoo. Bibi anasogea, anasikiliza kidogo, anasema: "Zima. Hayumo."

Aliponiambia neno hilo nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba wangu. Mimi nina mama pia, na wakati ule nilikuwa nimemwacha Mwanza na watoto wangu kwa miezi.

Biashara yangu kubwa haikuwa mikoba, ilikuwa deki za VCD, ndiyo kwanza zinashika moto nyumbani. Siku moja mzee alinisindikiza kwenda kukagua mzigo. Namna yangu ya kukagua ilikuwa moja. Naweka diski ya karaoke, naunganisha deki na televisheni kwa zile waya tatu, wa njano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti, halafu nachomoa mmoja mmoja. Diski zile zilirekodiwa kwa ujanja: waya mweupe unaleta ala peke yake, mwekundu unaleta mwimbaji. Ukichomoa mwekundu, mwimbaji anatoweka, midomo inacheza bure. Ukiurudisha, anarudi. Kwa hiyo nikijua mwimbaji anakuja na kuondoka vizuri, najua pande zote mbili za deki ni nzima.

Nilipochomoa mwekundu, mzee alisimama. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akaniomba tena, na tena, mpaka laoban wa duka akaanza kutuangalia vibaya. Yule mwimbaji wa Kichina alikuwa anafungua mdomo na hakitoki kitu, anafungua na sauti inatoka.

"Dada," akasema, "katika diski moja wanaweza kukaa watu wawili?"

Alikuwa na filamu yake, ile aliyoiongoza, kwenye kanda ya video. Ndiyo nakala pekee aliyobaki nayo, aliizungushia fulana ndani ya begi kila alikohamia. Nilimpeleka kwa mama mmoja aliyekuwa na chumba ghorofani, jirani na Zhanxi, akitengeneza VCD za harusi pamoja na mumewe. Mwanzoni alikataa katakata. "Mei you, mei you," hakuna nafasi, hakuna muda, hakuna maikrofoni. Mzee akatoa kadi yake ya picha. Yule mama akaiangalia, akamwangalia mzee, akaangalia tena kadi, akamwita mumewe kwa sauti. Maikrofoni ikapatikana.

Mchana ule ndipo nilipojua kwamba hakutudanganya. Mtu tuliyemzoea akinywa supu na kutania akaondoka chumbani, akaingia mwingine. Aliamuru feni izimwe kwa sababu inanguruma. Aliamuru tuvue viatu. Mama wa duka alikuwa anavunja mbegu za maboga kwa meno, akamnyang'anya pakiti mkononi bila kumtazama, na yule mama, aliyekuwa mkali kwa kila mteja, akakaa kimya akakunja mikono. Joto lilikuwa la kutosha kuchemsha chai. Mzee alivua shati akabaki na singilendi, akasogeza kiti karibu na televisheni, akaanza kuzungumza na ule uso wake wa ujanani.

Hakutumia Kirusi. Alisema maneno yote kwa Kiukreni, lugha ya nyumbani kwao, na sauti yake ilikuwa ya chini, ina mkwaruzo kidogo, ya mtu anayeongea na mtu aliye chumba kile kile. Sikuona ubaya wowote ndani yake. Filamu yenyewe ilikuwa ya mchimba visima anayerudi kijijini kwao baada ya miaka mingi. Anafika, mlango uko wazi, nyumbani hakuna mtu. Katika filamu ya zamani, alinieleza baadaye, hapo yule mwenye sauti nzuri anasema: "Nimerudi. Maji yako wapi?" Mzee alipofika hapo hakusema hivyo. Alisema neno moja tu la kumwita mama, "Mamo," na akanyamaza. Kijana kwenye televisheni anazunguka chumba kitupu, anagusa meza, anagusa ndoo, na mzee kimya. Mume wa yule mama akadhani amesahau, akamwashiria kwa mkono. Mzee akamkatalia kwa kidole.

Tulipomaliza nikamuuliza kwa nini aliacha pengo kubwa namna ile.

"Mama yangu nikimwita lazima aitike," akasema. "Hata angekuwa wapi ndani ya nyumba. Nimemwachia nafasi."

Halafu ukafika mzozo wa pande. Mume wa yule mama akauliza: ile sauti ya zamani aifute, aweke mpya kote? Nikamjibu mimi kabla ya mwenyewe: ndiyo, futa, weka yake pande zote. Mzee akaniinulia mkono. Hapana. Yule mwenzake aliyemsemea miaka yote alikuwa rafiki yake, na alikuwa amekwisha kufa.

"Mzee wangu," nikamwambia, "mama yako hamtaki huyo mtu."

"Alifanya kazi yake vizuri kuliko mimi nilivyofanya yangu. Marehemu hafutwi na mimi."

Nikamwambia basi marehemu akae wa pili. Akakataa tena. Kwao jukwaani mkubwa anatajwa kwanza, na yule alikuwa mkubwa wake kwa umri na kwa kazi. Basi ikawa hivyo. Marehemu akakaa upande wa kushoto, wa waya mweupe, na muziki wake na upepo na hatua za miguu. Mzee akakaa kulia, kwenye waya mwekundu, peke yake, bila muziki, bila hata mlio wa mlango. Zikatoka diski mbili. Moja akanipa mimi.

Deki nilimchagulia mwenyewe, nzuri, niliikagua kama ya nyumbani kwangu. Mtu wa kwao aliyekuwa anarudi na mizigo akaipokea pamoja na diski. Mzee akampigia simu dada yake akamweleza: mama akisikiliza, chomoa mweupe, acha mwekundu. Aliirudia mara nyingi. Dada akasema ameelewa. Televisheni ya pale aliinunua mzee mwenyewe enzi za jina lake, ya rangi, alijivunia. Hakuna kati yetu aliyeuliza ina matundu mangapi nyuma.

Nami niliuza deki kwa watu wenye televisheni kama hiyo kila siku. Nyumba ngapi za Mwanza niliingia nikakuta tundu la picha moja na tundu la sauti moja, limezungushiwa rangi nyeupe, na waya mwekundu umeachwa unaning'inia nyuma ya kabati unakusanya vumbi. Watu wanafuata rangi, mweupe kwenye jeupe, picha inatoka, sauti inatoka, nani atahangaika na wa tatu? Nalijua jambo hilo kama ninavyojua njia ya kwetu. Halikunijia akilini hata kidogo, na mpaka leo likinijia huwa naacha ninachofanya.

Aliniomba nimsindikize kwenye duka la simu siku ya kusikia majibu. Mzanzibari naye akaja, amenunua machungwa, kana kwamba tunakwenda kumtazama mzazi. Tukamwangalia kupitia kioo cha kibanda. Aliongea na dada yake akacheka, halafu akasikiliza. Halafu akaonekana anaongea na mtu mwingine, kwa sauti ya juu, polepole, na nikajua ni mama. Akasikiliza. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na huo ndio ulionitisha, kwa sababu niliwahi kuuona uso ule ule Shiling, amesimama na skafu.

Nje ya duka akatueleza. Mama alikaa karibu na televisheni, mkono wake juu ya spika. Alikuwa ameambiwa wiki nzima kwamba safari hii ni sauti ya mwanawe mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akalia, akasema: ndiye. Ndiye mwanangu.

"Alhamdulillahi," akasema Mzanzibari.

"Akanitajia sehemu iliyomgusa," mzee akaendelea. "Pale anapoingia nyumbani. Akanirudia maneno. 'Nimerudi. Maji yako wapi?' Kwa Kirusi."

Ilinichukua kitambo kuelewa. Nikamweleza habari ya tundu moja na waya mweupe. Akaniambia dada yake alijua. Aliona mweupe ukichomolewa nyumba inakuwa kimya, na waya wa pili hauna pa kuingia, akadhani ndivyo diski ilivyo, akaurudisha mweupe. Lakini alipoona mama analia kwa furaha akafunga mdomo. Kwenye simu alimnong'oneza kaka yake: usimwambie.

"Na mama mwenyewe aliniambia jambo moja zaidi," akasema. "Kwamba leo kwenye simu sauti yangu mbaya. Je, naumwa? Kwenye filamu niliongea vizuri sana. Nipumzike."

Nilimkamata mkono. Nikamwambia jambo ni dogo, la dakika moja, rudi ndani umpigie dada yako. Achomoe mweupe kwenye lile tundu, achomeke mwekundu mahali pake. Rangi si kitu, tundu litapokea. Mama atakusikia leo leo.

Hakurudi. Nilimkasirikia, tena mbele za watu, nikamwita mjinga, Mzanzibari akawa ananivuta kanga. Nikamwambia yule marehemu ameshakula filamu zako zote, sasa unampa na mama yako?

Alinisubiri nimalize. "Miaka yote alikuwa anasema hayumo," akasema. "Sasa amesema ndiye. Nikimweka huyu mwingine, atauliza yule wa kwanza alikuwa nani. Dada, ana umri gani wa kuulizana naye maswali hayo?" Kisha akachukua chungwa kwenye mfuko wa Mzanzibari, akalimenya, akaligawa kwetu.

Jumatatu alirudi Shiling kuwa Mtaliano. Mimi kontena langu likafungwa, nikaondoka. Msimu uliofuata nilikwenda kiwandani pale kwa sababu yake tu, nikamkuta kijana wa Kizungu amesimama na skafu ile ile, anaupapasa mkoba vibaya, hana hata chembe ya usanii. Laoban akaniambia Mtaliano wa zamani alirudi kwao. Mzanzibari alisikia kwamba mama alifariki, lakini aliyemwambia naye alikuwa amesikia. Sikupata zaidi ya hapo. Najuta sikumburuta siku ile mpaka kwenye kibanda cha simu, na siku nyingine najuta kwamba hata nilimgombeza. Sijaweza kuchagua.

Diski yangu ninayo. Nyumbani Mwanza nina televisheni yenye matundu yote, lakini nikitaka kuisikiliza nachomeka mwekundu peke yake. Hakuna muziki, hakuna upepo, ni yeye tu na joto la chumba kile, na sielewi anachosema. Nakaa mpaka afike mlangoni. Anasema "Mamo," halafu linakuja lile pengo alilomwachia mama yake aitike, na sebule yangu yote inakuwa kimya.